Nazi Iliyovunjika Vibaya

Inspekta Kaviha hakuwa mtu wa kugombana na mashine. Redio ikikataa aliipiga kofi, simu ikizima aliiweka kando akanywa chai yake. Lakini kompyuta iliyokuwa mezani kwa Daktari Philister, kule Port Reitz, ilikuwa imemkera tangu alipoiona mara ya kwanza, kwa sababu ilikuwa na uhakika kuliko shahidi yeyote aliyewahi kumhoji.

"Nionyeshe tena," alisema.

Philister akabonyeza. Yakatokea mawimbi kwenye kioo, mistari myembamba ikipanda na kushuka, yote yametoka kichwani mwa mwanamke mmoja wa Kisauni aitwaye Mwanarusi. Mwanarusi alikuwa na kifafa tangu utotoni. Alipokubali kuingia katika utafiti wa Philister alivishwa kofia laini yenye vipande vya chuma vidogo kama vifungo vya shati, na kijisanduku cha kurekodia kikafungwa kiunoni. Juu yake alijitanda mtandio kama siku zote, na asiyejua hakujua. Mawimbi ya ubongo wake yalirekodiwa mchana na usiku, kisha programu iliyofundishwa kwa rekodi za maelfu ya wagonjwa ikayapitia na kutia rangi nyekundu kila ilipodhani imeona kifafa.

Siku ya moto, baada ya alasiri, palikuwa pekundu.

"Na moshi ulionekana hapa," Kaviha alisema, akitia kidole katikati ya wekundu ule. "Jirani alipiga simu papo hapo. Saa ya kile kisanduku ni ya kuaminika?"

"Inafuata saa ya simu, Inspekta. Hilo nimelikagua mara mbili."

Basi kesi ilikuwa hivi. Kule Bombolulu palikuwa na karakana ya vitambaa, na Mwanarusi alikuwa mchoraji wake wa nta. Nta huyeyushwa jikoni, mchoraji huchovya brashi akachora, kitambaa kikaenda kutiwa rangi, kisha nta ikasuguliwa itoke. Kwa kuwa daktari alimkataza Mwanarusi kusogelea moto, yeye alikaa mezani na msimamizi, bwana mmoja aitwaye Ngowa, ndiye aliyekaa na jiko na kumletea nta. Siku ile ghala likashika moto. Mlinzi wa karakana, mzee Tinga, aliingia ndani na akatoka ameungua mikono na kifua, koo limejaa moshi hata sauti haitoki. Ngowa akawaambia polisi kwamba Mwanarusi alibaki kumalizia kazi, akasogelea jiko licha ya kukatazwa, kifafa kikamwangusha, akaipiga sufuria teke. Mwanarusi alisema alikuwa nyumbani. Lakini ni nani wa kumsikiliza? Mtu wa kifafa akizinduka hakumbuki alipoangukia. Mkuu wa kituo aliitazama ile nyekundu, akasema lisemwalo lipo, na akataka jalada liende kwa mwendesha mashtaka kabla ya wiki kwisha.

"Mkuu wako alipiga picha ya kioo akaondoka nayo," Philister alisema, na hasira ilisikika. "Nilimwambia programu inapendekeza tu, mimi sijasoma. Akaniambia nisome taratibu, yeye ana haraka."

"Sasa umesoma?"

"Nimesoma, na kuna kitu kinanisumbua. Kifafa kikubwa kikiisha, ubongo huchoka. Mawimbi huwa mapana, mazito, mtu amelala fofofo. Hapa yanarudi sawa mara moja. Sijui ni nini. Najua tu sipendi nikionacho."

Kaviha naye hakukipenda. Mtu anayebishana na mashine peke yake huonekana mjinga, lakini wakiwa wawili ni mazungumzo. Akavuta kiti. "Nipe siku zote alizovaa kofia. Zipange moja chini ya nyingine."

Zikapangwa. Mara chache wekundu ulitokea alfajiri, na hizo hazikuwa na ubishi: Rahima, dada yake aliyelala naye chumba kimoja, aliziona kwa macho yake na kumgeuza ubavu. Lakini palikuwa na wekundu mwingine, karibu kila siku, baada ya alasiri. Rahima aliapa hajawahi kumwona dada yake akianguka mchana. Na siku moja tu, Jumamosi, alasiri ilikuwa nyeupe pe.

"Daktari, kifafa huchukua likizo?"

"Hakichukui."

"Basi huyu anayekuja alasiri si kifafa. Ni mtu mwenye ratiba." Kaviha akavaa kofia yake.

---

Mwanarusi aliishi Mwandoni, hukohuko Kisauni, vyumba viwili vya kupanga nyuma ya duka la vipuri. Kaviha alipopiga hodi alimkuta ameketi ukumbini na leso mapajani, haishoni wala haikunji, ameishika tu. Alikuwa amekonda tangu walipoonana mara ya mwisho. Dada yake alikuwa barabarani akiuza viazi vya karai, kama alivyokuwa siku ya moto, na ndiyo sababu hapakuwa na shahidi.

"Shikamoo, afande. Umekuja kunichukua?"

"Marahaba, Bi Mwanarusi. Nimekuja kuuliza."

"Uliza. Ila nitakujibu nini nisichokujibu?" Aliitandaza leso, akaikunja tena. "Sikiliza, andika ni mimi. Nimechoka. Mimi naona nilikuwa hapa, nimekaa pale kwenye mlango wa jikoni, nakuna nazi. Lakini mara ngapi nimezinduka sakafuni nikiapa nilikuwa kitandani? Kumbukumbu yangu hainisimamii, afande. Na mzee Tinga ameungua. Yule mzee hunifungulia lango kila asubuhi, huniuliza nimelalaje. Hata kwenda kumtazama sijaweza. Nitamtazama na macho gani?"

Kaviha alimwonea huruma, na huruma kazini humharibia hesabu, kwa hivyo alikohoa akageukia alilolijia.

"Jumamosi iliyotangulia moto, ulikuwa wapi?"

"Jumamosi?" Alishangaa. "Likoni, kwa shangazi. Palikuwa na maulidi. Tulishinda huko."

"Ulipika siku hiyo?"

"Nipike nini na pilau ya watu ipo? Tulikula huko tukarudi na kifurushi."

"Siku nyingine, ukishatoka kazini, ukishaswali alasiri, unafanya nini?"

"Mwanamke anafanya nini, afande? Napika. Nakuna nazi, nakamua tui, Rahima akirudi anainjika sufuria, maana mimi moto nimekatazwa. Rahima hali kitu kisicho na nazi, utadhani amezaliwa mnazini."

Kaviha akatikisa kichwa taratibu. Nyumbani kwake, kila jioni, mkewe Kanze hupanda juu ya mbuzi ya kukunia na mwili wote ukayumba mbele na nyuma, kichwa kikifuata, mpaka kizio, ile nusu ya nazi, kiishe. Kwa miaka ameketi sebuleni akisikia ule mkwaruzo na hajawahi kuuwaza. Sasa aliuwaza.

"Siku ya moto," alisema, "hiyo nazi ilikuwaje?"

"Ilikuwa nazi."

"Nieleze kama ningekuwa sijawahi kuiona."

Mwanarusi alimtazama kama mtu anayedhani anachezewa. Kisha macho yake yakaenda kwenye mlango wa jikoni. "Ilivunjika vibaya," alisema polepole. "Niliigonga kwa kisu, badala ya kupasuka katikati ikapasuka juu. Kizio kimoja kikubwa, kimoja kama kikombe cha kahawa. Nilikasirika, maana kizio kidogo kinakukwaruza vidole. Nikaanza na kile kikubwa. Kile kidogo nilikikuna nusunusu nikakitupa." Akaondoa macho mlangoni. "Au labda ilikuwa siku nyingine. Ndivyo nilivyo."

"Kuna mtu mwingine uliyemwambia habari hiyo?"

"Ya nazi kuvunjika? Nimwambie nani upuuzi huo?"

"Basi usimwambie mtu." Kaviha akainuka. "Jitande twende. Na hiyo mbuzi yako nitaibeba mimi."

---

Mlinzi wa ofisi ya Philister aliona inspekta wa polisi akiingia na mbuzi ya kukunia kwapani na mfuko wa nazi mkononi, akaamua kutouliza. Philister, ambaye alilelewa Kisumu na nazi aliijua kwenye sahani tu, alimvisha Mwanarusi kofia, akaunganisha kisanduku, akawasha programu.

"Kwanza akae tu," Kaviha alisema.

Akakaa. Akasalimiana na Philister, wakaulizana hali, Mwanarusi akanywa maji. Mawimbi yalitembea kwa upole. Hapakuwa na wekundu.

"Sasa asugue kitambaa." Kaviha alikuwa amekuja na kitambaa cha karakana kilichokauka nta. Kama kusugua nta nako kungeamsha ile rangi, Ngowa angesema Mwanarusi alikuwa akisugua palepale karakanani, na kazi yote ingekuwa bure. Mwanarusi akasugua kwa nguvu, akakunja uso, akasugua tena. Mkono ulikwenda mbio, lakini kichwa kilitulia juu ya mabega. Programu haikusema neno. Kaviha akaagiza arudie akiwa amesimama, kisha akiwa amechutama, mpaka Philister akasema inatosha, mama wa watu atachoka.

"Haya. Nazi."

Mwanarusi aliivunja kwa mgongo wa kisu, maji yakaingia bakulini, vizio viwili vikatoka sawasawa. Akaweka sinia, akapanda mbuzi, akaanza. Mkwaruzo ukajaa ofisi. Bega likaenda, shingo ikaenda, kichwa kikaenda, mbele na nyuma kwa mwendo mmoja.

Kioo kikawa chekundu.

Philister alisimama bila kujua amesimama. Mwanarusi alimaliza kizio cha kwanza, akanyoosha mkono kuchukua cha pili, na wekundu ukakatika. Akaanza cha pili, wekundu ukarudi. Alipomaliza na kujifuta mkono, mawimbi yakarudi kupanda na kushuka kwa upole kama hapajatokea kitu.

"Ni misuli," Philister alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetuliwa mzigo. "Misuli ya shingo na taya, na waya zinatikisika kwa mwendo uleule. Programu hii ilijifunza kwa watu waliolala vitandani hospitalini, Inspekta, tena nchi za mbali. Imeona vifafa vya kila aina. Haijawahi kumwona mtu akikuna nazi, wala hakuna aliyeiambia kuna watu hukuna nazi kila jioni." Alicheka kidogo. "Nitaifundisha. Nitatafuta mbuzi yangu mwenyewe niifundishe."

"Baadaye," Kaviha alisema. "Sasa nipe siku ya moto. Ile nyekundu ikuze, uniambie unaona nini. Mimi sisemi kitu."

Kwa kweli hakusema kitu. Alikuwa hajamwambia Philister hata neno moja la yale ya Mwandoni, na alisimama nyuma ya kiti chake mikono imefungwa nyuma ili asije akaonyesha kwa kidole.

Philister alikuza. "Ni mbili," alisema. "Nyekundu mbili na nafasi katikati. Kama hivi sasa. Siku zote za alasiri ni mbili, na zinakaribia kulingana." Akasogea karibu na kioo. "Lakini siku hii hazilingani. Ya kwanza ni ndefu sana. Ya pili ni fupi, imekatika upesi, kama aliyeacha kazi njiani."

Mwanarusi alikuwa bado amekaa juu ya mbuzi, kizio kitupu mkononi.

"Kikubwa na kidogo," alisema.

"Kikubwa na kidogo," Kaviha alimwitikia. "Moshi ulionekana ukiwa katikati ya kile kikubwa. Kisanduku chako kinajua lini, hakijui wapi. Lakini karakanani hakuna mbuzi, na hakuna mtu aendaye kazini na nazi. Ulikuwa mlangoni pa jiko lako, Mwandoni."

"Kwa hiyo," Mwanarusi alisema, akasita, akaanza tena. "Kwa hiyo ninakumbuka? Hii kumbukumbu ni yangu?"

"Ni yako. Tena unakumbuka kuliko mimi. Mimi sijui nazi niliyokula jana ilivunjika vipi."

Mwanarusi akalia. Hakulia kwa sauti, alifunika uso kwa mtandio na mabega yakatikisika, na Philister akaikimbilia kompyuta yake kutazama kama kilio nacho kitatia wekundu, kisha akaona haya akaja kumshika bega badala yake. Kaviha alitoka nje akasimama barazani. Moyo ulikuwa umemtua kiasi kwamba alitamani sigara, na sigara alikwishaziacha. Aliporudi alimkuta Mwanarusi amekwishajifuta uso na anakusanya nazi iliyokunwa sinia nzima, na Philister anamtafutia mfuko safi.

"Hii isimwagwe," Mwanarusi alisema. "Nina mtu wa kumpikia."

---

Ngowa alikuwa uani kwa karakana, akipanga vitambaa vilivyonusurika. Ghala nyuma yake lilikuwa kuta nyeusi na harufu ya nta iliyoungua. Alimkaribisha Kaviha kwa uchangamfu wa mtu ambaye ameshaamini uongo wake mwenyewe.

"Nikumbushe," Kaviha alisema. "Mwanarusi aliangukia upande gani?"

"Upande huu, afande. Karibu na jiko."

"Ulimwona kwa macho yako."

"Kwa macho yangu. Akatetemeka, mguu ukaipiga sufuria."

"Ukafanya nini?"

"Nikakimbia kuita watu."

"Ukamwacha mtu ameanguka kwa kifafa kando ya moto, ukakimbia?"

Hilo Ngowa hakuwa amelifikiria. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa fupi kuliko kawaida.

"Ngowa, nina ushahidi kwamba moshi ulipoanza Mwanarusi alikuwa nyumbani kwake Mwandoni. Ushahidi huo ni ile mashine iliyokuwa ikikuunga mkono. Sasa nitakuuliza mara moja. Aliyekaa na jiko ni nani?"

Ngowa alikaa chini juu ya vitambaa. "Mwanarusi alipotoka nilisema nta iliyobaki niiyeyushe nimalizie mwenyewe," alisema. "Nikaenda kibandani kutazama mpira. Kidogo tu. Nilijua nta ikizidi kuchemka hushika moto, najua, nimewafundisha wengine. Niliporudi ilikuwa imeshawaka."

"Na ukamtwisha Mwanarusi."

"Yeye hakumbuki, afande." Ngowa alisema hivyo kwa sauti ya chini, kama anayetoa udhuru wa maana. "Siku zote hakumbuki. Nikaona halitamuuma, kwa sababu hata yeye hatajua kama si kweli."

Kaviha alikuwa amesikia mengi katika kazi hii, ya visu na ya sumu, na mengi aliyasahau akifika nyumbani. Hili alijua hatalisahau. Hakupandisha sauti. Alimwambia Ngowa asimame, afunge vitambaa vya watu visije vikaloa, kisha waongozane kituoni. Njiani alimpigia simu mkuu wake. Mkuu akauliza kama basi jalada la yule mama litupwe. Kaviha akasema lisitupwe, lifungwe vizuri, na liandikwe kwa herufi kubwa kwamba hakuwapo.

---

Kesho yake, saa ya kutazama wagonjwa, Kaviha alimsindikiza Mwanarusi mpaka wodini. Hakutakiwa kwenda. Alijiambia ni kwa ajili ya kuchukua maelezo ya Tinga, ambaye muuguzi alisema sauti imeanza kurudi na hatari imepita, lakini ukweli ni kwamba alitaka kuona mwisho mzuri mmoja kwa macho yake, maana kazi yake humpa michache.

Mwanarusi alibeba hotpoti ya wali wa nazi. Mlangoni alisimama. Kaviha akamwacha asimame. Kisha Mwanarusi akapiga moyo konde akaingia.

Mzee Tinga alikuwa ameegemezwa mito, mikono imefungwa bandeji mpaka viwikoni. Alipomwona, uso wote ulimfunguka.

"Shikamoo, mzee Tinga."

"Marahaba, mwanangu." Sauti ilikuwa ya kukwaruza, lakini ilikuwa yake. "Hukuja kunitazama."

"Niliogopa, mzee. Walisema moto ni wangu."

"Moto wako wapi." Tinga alipumzika, akavuta pumzi. "Afande, na wewe sikia, maana wameniuliza hiki na kile nami sina sauti ya kujibu. Mimi sikuingia mle ndani kuzima moto. Mzee kama mimi azime moto na nini? Niliingia kwa sababu nilidhani huyu yumo. Nilijua akianguka hawezi kujitoa. Nikapapasa sakafu yote, chini ya meza, kando ya jiko, nikiita jina lake. Sikumpata. Wakanivuta nje." Macho yake yakarudi kwa Mwanarusi. "Waliniambia u mzima. Lakini hakuna aliyeniambia ulitokea wapi. Tangu hapo nimelala hapa nikijiuliza nilikupita vipi kwenye ule moshi, niliukanyaga mkono wako au vipi, nikakuacha. Sipati usingizi. Ulikuwa wapi, mwanangu?"

Kaviha alisahau kutoa kalamu. Mwanarusi alivuta kigoda akaketi kando ya kitanda, akafungua hotpoti, harufu ya tui ikatoka. Akachota kijiko cha kwanza, akakipuliza.

"Hukunipita, mzee," alisema. "Nilikuwa nyumbani. Nilikuwa nakuna nazi."